Kwa Nini Nilimtukana Mgeni Siku ya Harusi ya Tekla

Ndugu zangu wa darasa, tangu siku ya harusi mnaniuliza jambo moja tu. Mnataka kujua ilikuwaje mimi, ambaye mwalimu akiniita kusoma kwa sauti hutamani kuingia chini ya benchi, nikasimama mbele ya padri na wazee wote nikamtukana mtu mzima ambaye ninyi hamjapata kumwona. Nimejaribu kuwasimulia mara mbili, na mara zote mbili nilifika kwenye mto Ruvu nikanyamaza. Basi nimemwomba mwalimu karatasi. Naandika polepole na mkono unachoka upesi, lakini ninapoandika hakuna anayenitazama usoni.

Kutoka nyumbani mpaka Ruvu

Mnajua kwetu msichana haolewi mpaka mjomba wake aseme ndiyo. Baba akubali, mama akubali, padri atangaze kanisani, bado. Mjomba lazima aje, avae bangili ya shaba ya ukoo, anyooshe mkono juu ya jembe walilolileta wakwe, na hapo ndipo binti ametolewa. Mkono usio na bangili ni mkono tu.

Mjomba wetu ni Kobelo, ndugu wa pekee wa mama. Reli ilipofika Morogoro alisema anashuka kuitazama siku mbili. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Watu waliokwenda kuuza ndizi mjini walirudi na salamu zake, na habari zake: Kobelo anacheza karata, Kobelo anacheza dadu, Kobelo anajulikana mji mzima. Mama alikuwa anasikiliza na kuendelea kuchambua mboga.

Petro, mchumba wa Tekla, alikuwa amepata ruhusa kutoka shamba la mkonge mpaka Jumapili ya pili tu. Baba yake alikuja kwetu akasema bila kuzunguka, "Safari hii mwanangu harudi shambani peke yake. Kama mjomba wenu haonekani, kuna binti mwingine huko Tawa, na mjomba wake yupo nyumbani kila siku." Dada yangu Tekla aliyasikia hayo akiwa jikoni. Alikuwa amemngoja Petro miaka miwili. Hakulia, ila ugali wa siku ile uliungua, na Tekla hajapata kuunguza ugali.

Wanaume wa kwetu walikuwa wamechukuliwa kwenye kazi ya barabara ya Mdachi. Nilibaki mimi.

"Utaweza?" Tekla aliniuliza asubuhi ya Jumatatu.

"Nitaweza."

"Utamwuliza mtu njia? Au utamfuata nyuma kimya mpaka afike kwake, kama ulivyofanya siku ya gulio?"

Alinipa mkoba wa mama wa ukindu, ule wenye mistari myeusi ya kupinda, ndani mna ndizi za kuchoma na viazi vikuu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika jina la mjomba kwenye karatasi kwa herufi kubwa, ili nikishindwa kusema nionyeshe. Nilijiona nina akili sana. Mtaona ile karatasi ilivyoniponza.

Ruvu ulikuwa umejaa. Mvushaji mmoja alikuwa anavusha watu kwa mtumbwi, na mimi nilikaa juu ya jiwe na karatasi yangu mkononi, nikingoja aniite. Alikwenda akarudi, akaenda akarudi. Kila akirudi ananitazama, nami natazama maji. Jua lilipopita katikati aliweka kafi chini akaja mpaka kwenye jiwe.

"Wewe kijana! Tangu asubuhi unautazama huu mto. Umeuposa?"

Waliokuwa ng'ambo walicheka mpaka nikawasikia.

"Nataka kuvuka," nilisema.

"Kuvuka! Mimi nimedhani umetumwa na akida kuja kunichunguza! Tangu asubuhi napakia watu watatu watatu kwa kukuogopa wewe na hiyo karatasi yako, na mtumbwi huu huchukua saba!"

Alikuwa amekasirika, lakini alinigawia samaki wake. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na tulipomaliza kula maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye jiwe langu. Tulilala hapo hapo, na kesho yake mto haukupungua mpaka alasiri. Hivyo ndivyo nilivyopoteza siku nzima kwa kushindwa kusema neno moja.

Kiroka

Kiroka nililala Jumatano kwa bibi mmoja aliyeniona napita nimelowa akaniita. Alinipakulia ugali na mlenda. Mama alinifundisha kwamba chakula cha mtu humalizwa, kusaza ni dharau. Nikamaliza. Yule bibi alipoona sahani tupu alisikitika, "Maskini, mtoto ana njaa," akaongeza. Nikamaliza tena. Akaongeza tena, akamwita na jirani aje aone. Ya nne nilikula kwa machozi. Ndipo jirani akasema, "Dada, huyu hali kwa njaa, huyu anaona haya," na bibi akaninyang'anya sahani akicheka. Kesho yake nilipanda vilima vya Bigwa kama mtu aliyebeba gunia tumboni.

Morogoro, barazani kwa Mama Zena

Kutoka Bigwa unaiona Morogoro yote: mapaa ya bati, boma jeupe, na moshi wa gari moshi ukisimama wima pale ambapo hakuna upepo. Maji ya mlimani yanapita mjini kwenye mifereji, na watoto wanashindanisha majani juu yake. Hata hao walikuwa wamewekeana dau: jani lako likishindwa unambeba mwenzako mgongoni mpaka sokoni. Nilipaswa kujua hapo hapo nimeingia mji wa namna gani.

Nilikuja kuujua baadaye, kwa siku zile nilizokaa, na nitausema sasa. Morogoro ile kila mtu ana mahali pake pa kucheza. Wafanyakazi wa reli waliopumzika hucheza karata nyuma ya marundo ya mataruma, yale magogo yanayolaza reli. Madobi hucheza bao mtoni, juu ya jiwe walilolichonga mashimo, na anayeshindwa hufua rundo la mwenzake. Nilimwona mzee mmoja amefua siku mbili mfululizo akiapa kwamba kesho zamu itageuka. Kwa fundi wa bati hupigwa dadu zilizochongwa kwa mfupa, na askari akitokea fundi hugonga bati mara tatu. Mji mzima unaijua ile sauti, naamini hata askari wenyewe wanaijua, maana huwa hawaendi haraka.

Na mahali pa mahali pote ni baraza la Mama Zena, nyuma ya soko. Mama Zena ni mjane, mnene, anauza kahawa na vitumbua. Katikati ya baraza ametandika mkeka mmoja mkubwa, na mkeka una sheria zake. Hakuna kugombana. Hakuna kuweka dau jembe la mkeo wala chakula cha wanao. Mtu akiliwa mpaka nguo zake, Mama Zena humwazima shuka la nyumba, jekundu, lenye tundu lililoungua pembeni, akitoka nalo mji mzima unajua. Na sheria kubwa: mkekani hakuna ukoo wala utani, kitu kilicholiwa kimeliwa.

Siku ile ya kwanza sikujua lolote. Nilibisha hodi.

"Karibu, baba. Kahawa au vitumbua?" aliuliza Mama Zena.

Nilisema shikamoo, halafu maneno yakaisha. Nikatoa karatasi. Mwanamume mmoja mwembamba, ndiye yule fundi wa bati, aliikodolea macho.

"Imeandikwa nini?"

"Kobelo," nilisema.

Mkeka ulikunjwa kabla sijavuta pumzi. Dadu ziliingia kwenye bakuli la uji. Mtu aliyekuwa anapiga kelele sasa hivi aligeuka kumwuliza Mama Zena hali ya mama yake. Mimi na shati langu la shule, na karatasi yangu yenye jina, walinidhania karani mdogo wa boma.

"Kobelo gani?" alisema Mama Zena kwa upole. "Hapa hakuna Kobelo. Alikuwapo mmoja, akafa."

"Amekufa?"

"Juzi," alisema fundi wa bati.

"Mwaka jana," alisema mwingine, wakati ule ule.

Nilikaa pale pale chini, nikaweka mkoba magotini, nikamfikiria Tekla, na nadhani nililia. Watu walianza kutazamana. Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"Huo mkoba umetoka wapi?"

"Nyamaza wewe, marehemu!" alisema Mama Zena.

"Nasema huo mkoba! Mistari ile huisuka dada yangu peke yake!"

Pazia likafunguka, akatoka mjomba Kobelo. Alikuwa amekonda, amevaa shuka jekundu lenye tundu, na anatabasamu kwa meno yote. Alinikumbatia mpaka nikanuka kahawa. Wenzake walipojua mimi ni nani walipiga makofi, mkeka ukatandikwa upya, na dadu zikaoshwa uji.

"Mbona hukusema wewe ni mpwa wake?" fundi wa bati aliniuliza.

"Hamkuniuliza."

Nilimpa mjomba habari za Tekla. Aliruka wima. "Tunaondoka sasa hivi! Mama Zena, niletee fimbo yangu!" Akashika kifundo cha mkono wake wa kulia, akakitazama, akakaa chini polepole. Kifundo kilikuwa kitupu.

Kesho yake, Ijumaa, hakunieleza kitu. Alikaa ukutani na shuka lake, na watu wakicheza walicheza kwa sauti ndogo kwa ajili yake. Mmoja baada ya mwingine walikuja kunikalia karibu na kunipa kitumbua, kama watu wanaokuja kutoa pole. Mwishowe Mama Zena ndiye aliyenieleza, huku akikoroga unga.

"Bangili iko kwa Masanja. Masanja ni Mnyamwezi, fundi wa reli, mtani wake mjomba wako. Unajua Wanyamwezi na ninyi Waluguru ni watani. Wale wawili mwaka mzima wametukanana hapa kila alasiri, watu wanatoka upande wa pili wa mji kuja kusikia. Siku moja mjomba wako ameliwa kila kitu, mpaka shuka langu, kichwa kikamwasha, akaiweka bangili. Masanja akashinda. Akaivaa, akasimama hapo mlangoni, akasema, 'Njoo uichukue, Mluguru, kama mguu wako mfupi wa milimani utakufikisha kwangu.' Nasi sote tukangoja jibu. Mjomba wako akainama, akasema, 'Umeshinda kwa haki, Bwana Masanja.'"

Aliacha kukoroga.

"Bwana! Hajapata kumwita bwana hata siku moja. Masanja aliondoka hakumaliza kahawa yake. Kisha kambi yao ikahamishiwa Mkata. Huu mwezi wa tatu. Mjomba wako amempelekea salamu za unyenyekevu kwa kila gari moshi, akampelekea na kuku. Kuku akarudishwa."

Ndugu zangu, mimi niliyasikia maneno hayo yote, na nikaelewa kinyume. Nilielewa kwamba Masanja ni mtu mkali sana, na kwamba mjomba hakumheshimu vya kutosha.

"Nitakwenda mimi," nilimwambia mjomba.

"Kilicholiwa kimeliwa, mwanangu. Ndiyo sheria ya mkeka. Nenda nyumbani useme hukuniona." Lakini alisema akiwa ameshika mkoba wa mama, na hakuuachia.

Ndani ya gari moshi

Gari moshi la kwenda Mkata liliondoka Jumamosi. La kurudi lilikuwa Jumatatu, na jingine Alhamisi. Nikilikosa la Jumatatu, Jumapili ya harusi ingenikuta njiani. Hilo nililihesabu kwa vidole mara nyingi, vidole havikubadilika.

Tulipakiwa kwenye behewa lisilo na paa, pamoja na magunia ya unga na vyuma. Sikujua adabu ya gari moshi ni ipi, basi nilimsalimia kila mtu mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, kutoka mwanzo wa behewa mpaka mwisho. Watu waliitikia kwa mshangao, na mmoja akaamka usingizini akadhani tumefika.

Katikati ya mbuga gari moshi lilisimama. Kuni zimekwisha, walisema, wamekwenda watu kukata. Tulishuka tukakaa kwenye nyasi. Haikupita muda mrefu mtu akasema, "Naweka jogoo wangu: kivuli cha lile bomba la gari moshi kitafika kwenye taruma lile kabla hatujaondoka." Mwingine akasema hakitafika, akaweka mwavuli. Kila mtu akachagua upande. Mwenye jogoo alinitazama mimi niliyekuwa kimya peke yangu.

"Huyu kijana hasemi. Mtu asiyesema ana jambo analolijua. Kijana, kitafika?"

Niliogopa kusema sijui, nikaitikia kwa kichwa. Mara watu wanne wakahama kwenda upande wa jogoo. Tulikaa tukikitazama kile kivuli kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Kilipobaki upana wa kiganja, wakata kuni walionekana wanarudi wakikimbia, na nusu ya abiria wakawapigia kelele waende taratibu! Kivuli kikafika. Mwenye jogoo alichukua mwavuli, na kwa furaha akanitupia jogoo wake mapajani.

"Sehemu yako, mganga!"

Nilisema sikucheza. Hakuna aliyenisikia. Hivyo niliingia Mkata na jogoo mwekundu kwapani, nikafikiri, hata hivyo ni vizuri, nitampa Bwana Masanja kwa heshima.

Kambi ya Mkata

Masanja alikuwa anapigilia misumari ya reli pamoja na wenzake kumi. Ni mtu mkubwa, mnamjua sasa. Bangili ya ukoo wetu ilikuwa mkononi mwake, na kila nyundo ikishuka inang'aa.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa Masanja," nilisema, nikapiga goti, nikamnyooshea jogoo kwa mikono miwili.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mpwa wa Kobelo."

Uso wake wote ulifunguka. Aliweka nyundo chini. "Aa! Mluguru! Wamekufunguaje kamba? Nasikia watoto wenu mnafungwa kwenye migomba msije mkabingirika bondeni!"

Wenzake walisimamisha nyundo, wakageuka kunitazama, wanangoja.

"Naam, bwana," nilisema.

"Naam?"

"Naam, bwana."

Uso ukafunga. Alichukua nyundo yake akarudi kazini. Mpishi wa kambi alinipa ugali na kambare, akanionyesha pa kulala, kila mtu alikuwa mwema kwangu ila Masanja. Jumapili nilimfuata tena, hawakuwa kazini, alikuwa anashona kiatu. Nilimsomea maneno niliyoyatunga usiku kucha, yenye "naomba kwa unyenyekevu" mara tano. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unasema vizuri kama padri," alisema. "Kamwambie Kobelo kitu kimeliwa mkekani. Mimi nilikuwa na mtani milimani. Alikufa siku aliponiita bwana."

Na jogoo wangu akamkataa.

Jumatatu gari moshi lilikuwa tayari linapuliza. Nilikwenda kumuaga, maana niliona si adabu kuondoka bila kuaga. Jogoo alikuwa kwapani, na kwa siku mbili hizo alikuwa amenidonoa mkono mzima. Masanja alinyanyua nyundo, bangili ikang'aa, na mimi nikamwona Tekla amekaa jikoni na ule ugali ulioungua. Jogoo akanidonoa tena. Sijui ni yeye au ni Tekla, lakini kitu kilinipanda kifuani, na nikasikia mtu anapiga kelele, na mtu huyo ni mimi.

"Ninyi Wanyamwezi! Mmebeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani hata mmesahau kutua! Hiyo bangili si mzigo wako! Tua!"

Nyundo kumi zilisimama. Nilijua nimekufa.

Masanja aligeuka taratibu. "Rudia."

Sikuwa na pa kukimbilia. "Tua! Na kama umechoka sana, sema, Mluguru mwenye mguu mmoja mfupi akubebee!"

Alikaa chini juu ya reli. Nilidhani anaumwa. Mabega yake yalitetemeka, machozi yakamtoka, kisha kicheko kikatoka, na wenzake wote wakaanguka nacho.

"Miezi mitatu!" alisema, akijipangusa macho. "Miezi mitatu nangoja neno hilo! Kitu cha mtani mimi nitakifanyia nini? Niliivaa ili aje anivue kwa matusi, kama siku zote. Yeye ananiletea bwana, bwana. Akiniita bwana mimi ni mgeni kwake, na mgeni akishinda mkekani ameshinda kweli. Basi nikakaa nayo, nikamkasirikia."

Alivuta bangili, haikutoka. Mkono ulikuwa umeishika. Gari moshi likapuliza mara ya pili. Walikimbia kuleta mafuta ya magurudumu, wakampaka mpaka kiwiko, watu wawili wakavuta bangili na watatu wakamvuta Masanja. Ilitoka kwa kishindo. Alinivalisha mimi, ikapita mpaka begani.

"Na huyu jogoo namchukua. Ni faini, kwa kunipigia goti."

Nilikimbilia behewa. Masanja alikimbia kando ya reli, jogoo mkononi, akinipigia kelele: "Nitakuja harusini! Na nikija, ole wako unisalimie kwa heshima!"

Kurudi

Mjomba alipoiona bangili hakuigusa mara moja. Aliniuliza Masanja alisema nini, nikamweleza, na maneno yangu nikayarudia. Aliyataka mara tatu. Kisha alicheka, kicheko cha mtu aliyetoka ugonjwani, na baraza zima likacheka, na Mama Zena akamwaga kahawa ya watu.

Asubuhi ya Jumanne tukawa na shida nyingine. Mjomba hawezi kutoa binti akiwa amevaa shuka la nyumba. Kanzu yake ilikuwa kwa fundi wa bati, kofia kwa dobi, viatu kwa mtu wa mataruma. Alikaa mkekani, akasugua viganja.

"Mpwa wangu, mchezo mmoja tu."

Nilificha bangili ndani ya shati. Mama Zena aliwaita wale watatu. Walikuja na vitu vyake vimekunjwa, wakakaa. Fundi wa bati alirusha dadu.

"Umeshinda, Kobelo."

"Dadu bado zinazunguka," alisema mjomba.

"Nimesema umeshinda. Vaa kanzu."

Dobi alirusha. "Umeshinda. Hiyo kofia nimeifua." Mtu wa mataruma hakurusha kabisa, alivisukuma viatu mbele akatazama pembeni. Mjomba alivaa kila kitu. Alilikunja lile shuka jekundu vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia Mama Zena kwa mikono miwili. Nimeona watu wakiagana kanisani na makaburini, lakini sijaona kuagana kama kule. Mji ule una watu watakaokula mpaka nguo yako, kisha wasikubali uende kwenu uchi.

Ruvu tulifika mtumbwi uko ng'ambo. Nilipiga kelele tukiwa bado juu mlimani. Mvushaji akajibu, "Nani huyo?" Nilipojitaja hakuamini mpaka tulipofika majini.

Mengine mliyaona. Mlimwona mjomba akinyoosha mkono juu ya jembe, na bangili ikiwa mahali pake. Mlimwona Petro akivuta pumzi, na baba yake akitazama chini. Mlikula. Kisha mlimwona yule mtu mkubwa ameingia bila hodi, na jogoo mwekundu kwapani, akapita katikati ya wazee, akakaa kwenye kiti cha bwana harusi na kuchukua kipande cha nyama kwenye sinia la padri. Wazee waliinuka wamtoe. Mjomba hakuinuka, alinitazama mimi. Masanja naye alinitazama mimi, hatafuni, anangoja.

Nilikuwa na shikamoo mdomoni tayari. Mnanijua. Ilikuwa imefika kwenye meno, na nilijua ikitoka, mjomba amempoteza mtani wake mara ya pili, mbele ya watu wote. Niliimeza. Nikasimama, nikasema kwa sauti mliyoisikia:

"Wewe Mnyamwezi! Nani amekutua hapa? Mwenye mzigo huu aje auchukue!"

Ndipo mlipoona wale wawili, yule mgeni na mjomba wangu, wakishikana na kuanguka chini kwa kicheko, na Tekla, ambaye hakutakiwa kucheka siku ile, akicheka ndani ya kanga yake mpaka akapaliwa.

Padri, asiyejua utani, alimwinamia mwalimu, akamwuliza nimesema nini. Nilikuwa karibu, nilisikia. Mwalimu alifikiri kidogo, akajibu kwamba nimemkaribisha mgeni.